Debe la Majivu

Harufu ilimfikia Nduku kabla hajafumbua macho. Alilala kimya akingoja king'ora cha kiwanda, kwa sababu kabla ya king'ora hakuna mtu wa landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi, aliyeruhusiwa kufungua mlango, na mlango usipofunguliwa harufu haina pa kwenda. Tangu mimba ilipokuwa kubwa alikuwa hawezi kuvumilia harufu yoyote, hata ya sabuni. Hii ya leo ilimpanda mpaka kichwani.

"Amefanya tena," alinong'ona.

"Nimesikia," alijibu Kaleli, mumewe. Naye alikuwa macho.

"Wapi?"

"Nitajuaje? Si kwenye debe."

King'ora kikalia. Milango ya landhi nzima ikafunguliwa kwa pamoja, komeo baada ya komeo, na watu wakatoka mbio kuelekea vyoo vilivyokuwa mwisho wa safu, wengine wakifunga vifungo njiani. Hiyo ndiyo iliyokuwa asubuhi ya Thika mwaka ule, wa tatu wa Hali ya Hatari. Jua likizama, kila Mwafrika aingie ndani. Atakayekutwa nje kabla ya king'ora asilaumu mtu.

Nduku alisukuma shuka ya maua iliyokigawa chumba chao. Nyuma yake palikuwa na kitanda chao. Mbele yake palikuwa na mkeka wa Mukonyo, mama yake Kaleli, na jiko, na gunia la unga, na sanduku la nguo. Kwenye pembe nyuma ya mlango palikuwa na debe lililokatwa nusu, limejazwa majivu. Debe hilo lilikuwa la paka.

Mukonyo alikuwa ameketi tayari, blanketi limekunjwa, kitambaa kimefungwa kichwani. Siku zote ilikuwa hivyo: hakuna aliyewahi kumkuta mama huyo amelala. Paka alikuwa mapajani mwake. Alikuwa dume mzee mwenye milia miwili kwenye mguu wa mbele, kama ya askari, na kwa ajili ya milia hiyo wafanyakazi wa kahawa kule Ruiru walimpa jina la Koplo. Jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu, na nyonga zilimpinda alipotembea.

"Mwaitu, umeamkaje?" Nduku alimwamkia, akimwita mama kwa lugha yao, akatazama huku na huku.

"Nimeamka, mwanangu. Usitafute. Ni pale kwenye sanduku. Nimekwisha kupanguza kidogo."

Kwenye sanduku mlikuwa na shati jeupe la Kaleli la kanisani. Nduku alifungua, akanusa, akafunga. Kisha akatoka nje haraka, akatapika ukutani.

Nyuma ya ubao uliotenga vyumba viwili, Perez, jirani yao, alisikika akicheka. Perez alitoka upande wa Kisumu, na hakuwa na jambo ambalo alilinyamazia.

"Mama mtoto!" aliita. "Huyo paka yenu amekunywa mto wa Chania yote? Sisi huku tunaogelea!"

"Pole, Perez. Tutasafisha."

"Safisheni. Uji ya bwana yangu imekuwa na harufu ya paka, na yeye anasema ni mimi sijui kupika."

*

Koplo hakuzaliwa kuwa paka wa debe. Maisha yake yote alipita dirishani na kwenda kuchimba chini ya miti ya kahawa, kisha akafukia mambo yake kwa adabu. Ila Thika hapakuwa na dirisha la kupitia, na kafyu haikubagua mtu wala mnyama, kwa kuwa mlango ni mmoja. Kaleli alifanya kazi kwenye matanuri ya kiwanda cha miwati, ambako magome ya miti hiyo yalichemshwa kupata dawa ya kutengenezea ngozi. Alikuwa akibeba majivu laini ya tanuri kwenye kikapu, na Nduku akayachekecha kuondoa makaa. Koplo aliyazoea upesi. Kwa miezi mingi hapakuwa na shida.

Shida ilianza mvua zilipokatika. Koplo alilisogelea debe, akalinusa, akasimama kama mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa, kisha akaondoka. Akaenda chini ya kitanda. Siku nyingine ilikuwa kwenye kuni, siku nyingine kwenye sanduku.

"Ni uzee," Kaleli alisema. "Amesahau."

"Hajasahau," Mukonyo akasema taratibu. "Paka ni msafi. Hataki debe lililotumiwa. Majivu yake yabadilishwe, asubuhi na jioni."

"Mwaitu, nayabadilisha kila asubuhi," Nduku alisema, naye alikuwa amepiga magoti na tumbo lake hilo, anasugua sakafu. "Halafu limetumiwa na nani kama si yeye mwenyewe?"

Mukonyo alimkwaruza paka nyuma ya masikio.

Siku hiyo ya shati, msimamizi wa landhi alikuja kabla Kaleli hajaenda kazini. Jeconia alikuwa mtu mrefu, mzee wa kanisa, mwenye kofia ya kampuni na fimbo ambayo hakumpiga nayo mtu. Alisimama mlangoni, akaivua kofia kwa heshima ya mama, akatia kitambaa puani.

"Kaleli, ndugu yangu, njoo nje."

Kaleli akatoka.

"Mimi nimefumba macho, unajua?"

"Najua, mzee."

"Chumba hiki ni cha mtu na bibi yake. Wameandika hivyo. Mama yako si bibi yako."

"Najua."

"Na mnyama, hapana kabisa. Sasa Jumamosi Bwana Afya anapita chumba kwa chumba. Huyo mzungu ana pua, wacha tu. Akinusa hii ataingia ndani. Akiingia ataona mkeka. Ataniuliza, Jeconia, hapa wanalala wangapi? Nimwambie nini? Mimi ni Mkristo."

"Mwambie ni mgeni."

"Mgeni wa tangu mwaka jana?" Jeconia alicheka bila furaha. Kisha akashusha sauti. "Jumamosi harufu isiwepo. Ikiwepo, mama atatoka, na mimi sitaweza kukusaidia. Ana pa kwenda?"

Kaleli aliitazama mikono yake, ambayo rangi ya miwati ilikuwa imeigeuza kuwa ya udongo mpaka kwenye kucha. Mama hakuwa na pa kwenda. Chumba chake cha Ruiru, kwenye shamba la kahawa, kilikuwa kimepewa vibarua wapya siku chache baada ya mazishi ya baba. Kule kijijini kwao Kangundo, shemeji wa mama alikuwa amepanda mihogo mpaka mahali palipokuwa na nyumba.

"Haitakuwepo," alisema.

Ndani, Mukonyo alikuwa amesikia yote. Ukuta wa mbao haufichi neno.

*

Alhamisi ilikuwa zamu ya gunia la unga.

Nduku aliligundua alipotia mkono kuchota wa ugali. Kidole chake kiligusa donge lenye unyevu. Aliuleta mkono puani. Aliketi chini palepale, miguu imenyooka mbele, kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Kaleli aliporudi akamkuta amelitandaza gunia mlangoni, anatenganisha unga wa juu na wa chini. Perez alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni.

"Huo wa juu utakula?"

"Huu haukuguswa."

"Mimi nisingekula. Mpe kuku wangu."

"Kuku wako watashiba, Perez, na bwana wangu je?"

Perez aligeuka. Akaingia kwake, akarudi na bakuli la unga wa mtama, akalitua chini bila kumtazama mtu. "Usinirudishie bakuli ikiwa na harufu," alisema, akaondoka.

Kaleli hakungoja kuvua buti. Alimshika Koplo kwa ngozi ya shingo, akampeleka kwenye gunia, akakisukuma kichwa chake kwenye unga uliolowa. Akampiga. Kisha akampiga tena. Paka hakulia. Alifumba lile jicho moja zima na kuyalaza masikio.

"Usimpige!" Mukonyo alisimama, jambo ambalo kwa magoti yake halikuwa jepesi. "Mwanangu, usimpige. Hakosei kwa kusudi."

"Mwaitu, unajua Jeconia amesema nini?"

"Nimesikia."

"Basi huyu paka, au wewe! Unataka nichague vipi?"

Neno hilo lilipotoka, wote watatu walilitazama kana kwamba limeanguka sakafuni. Kaleli alimwachilia paka. Koplo alikwenda akiyumba mpaka kwenye debe, akanusa majivu, akageuka, akajikunja chini ya jiko lililopoa.

"Nitampeleka Ruiru," Kaleli alisema kwa sauti nyingine. "Kesho nina zamu ya asubuhi. Nitaazima baiskeli. Kwa rafiki yako Wilkister, pale kwenye shamba. Kule kuna nafasi, kuna panya. Atapita dirishani kama zamani."

Mukonyo alikuwa anakunja ncha ya leso yake, anaikunjua, anaikunja.

"Wilkister ni mtu mzuri," alisema mwishowe.

*

Ijumaa mchana Kaleli alimtia Koplo kwenye gunia safi. Mukonyo alimshikia mdomo wa gunia ufunguke. Alimtengenezea kitambaa cha kulalia ndani, kutoka kwenye gauni lake la zamani, ili anuse mtu anayemjua njiani. Kaleli alipokuwa anafunga kamba, mama alimshika mkono.

"Kaleli."

"Naam, Mwaitu."

Midomo yake ilifunguka. Nduku, aliyekuwa ameegemea mlango, alifikiri mama analia, akaangalia pembeni ili asimwaibishe.

"Usikaze sana," Mukonyo alisema. "Apate hewa."

Barabara ya Ruiru ilikuwa tupu, jua kali, mkonge pande zote mbili. Kaleli alikanyaga pedali kwa bidii, gunia limefungwa kwenye keria. Kila alipogeuza mkono nyuma kuligusa, lilikuwa kavu. Alishangaa. Mnyama anayekojolea unga alikuwa amejizuia mwendo wote huo.

Kabla ya kufika Juja palikuwa na kizuizi, gogo limelazwa barabarani. Askari wanne walikuwa kivulini. Wa tano, aliyekuwa na milia miwili ya koplo mkononi, alikaa juu ya sanduku, amenyoosha buti zilizong'aa kama kioo.

"Simama! Gunia iko na nini?"

"Paka, afande."

Askari wakacheka. "Nyinyi Wakamba siku hizi mnakula paka?"

"Hapana, afande. Ni wa mama yangu. Nampeleka Ruiru."

"Paka anaenda Ruiru kwa baiskeli! Ameandikwa kazi?" alisema mmoja, na wenzake wakacheka zaidi.

Mwenye milia hakucheka. Alisimama, akakipokea kipande cha Kaleli, ile hati yake ya kitambulisho, akakisoma mbele na nyuma. "Jina la paka nani?"

Kaleli aliitazama ile milia miwili. Akaona hatari ilipo.

"Hana jina, afande."

"Paka ya mama hana jina." Alimrudishia kipande. "Tunajua nyinyi. Mtu anaficha barua ya magaidi wa msituni hata ndani ya mkate. Fungua. Mtoe, muweke hapa."

Kaleli alifungua kamba. Alimtoa Koplo kwa mikono miwili, akamweka juu ya lami iliyokuwa ya moto, mbele ya buti. Yule askari alikung'uta gunia, akakipekua kitambaa cha gauni, hakuona kitu. Koplo alisimama akipepesa jicho kwenye mwanga. Alikuwa amejizuia tangu Thika, kwa sababu paka hachafui anapolala. Sasa alihisi chini hakutikisiki tena. Akainama, akajisaidia, na mkojo ukatiririka kwenye buti.

Askari walicheka kwanza. Kisha wakanyamaza, kwa kuwa mkubwa wao alikuwa amenyamaza.

Lilikuwa teke moja. Koplo aliruka mpaka kando ya barabara, akaangukia mfereji, na hakuinuka.

"Vua shati," askari akasema.

"Afande?"

"Vua shati. Panguza."

Kaleli alivua shati. Akapiga magoti, akafuta buti kwa mkono wa shati, kushoto na kulia, mpaka kwenye nyuzi. Kitambaa kikawa cheusi kwa rangi ya viatu. Mmoja wa wale vijana waliokuwa wakicheka alitazama juu, kwenye mkonge, hakutaka kuona.

"Vaa. Nenda."

"Afande, naomba nimchukue paka."

"Nimesema nenda."

"Nikamzike tu, afande."

"Unataka kuzikwa naye?"

Kaleli alivaa shati lake. Aliigeuza baiskeli kuelekea Thika. Lakini baada ya kona ya kwanza alishuka, akaingia kwenye mkonge, akakaa chini. Hakuweza kufika nyumbani mapema hivyo. Alihesabu moyoni muda ambao mtu angefika Ruiru, akasalimu, akapewa chai, akarudi. Alikaa hapo muda huo wote, gunia tupu mapajani, akijifunza uwongo wake.

*

Alifika jua likiwa linashuka. Nduku alikuwa amekwisha kusugua chumba kizima kwa sabuni na maji ya moto, mara mbili. Gunia la zamani la unga lilikuwa limechomwa. Hata mkeka ulikuwa umeanikwa. Kwa mazoea tu, mikono yake ilikuwa imelimwaga debe, ikalijaza majivu mapya yaliyochekechwa, ikalirudisha nyuma ya mlango. Alipokumbuka alijicheka. Akaliacha hapo mpaka kesho, kwa kuwa kafyu ilikuwa inaingia.

"Alifika?" Mukonyo aliuliza.

"Alifika, Mwaitu."

"Wilkister hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu sana."

"Na mguu wake?"

Kaleli hakuwa amejiandaa kwa mguu. "Unapona," alisema.

"Paka alikula?"

"Alipewa maziwa. Alikunywa yote. Kisha akatoka dirishani."

Mukonyo alitikisa kichwa, polepole. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa shati la mwanawe, ambao ulikuwa mweusi mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa ameosha mashati ya wanaume tangu ujana wake. Uchafu wa mnyororo wa baiskeli aliujua, na huu haukuwa wa baiskeli.

Hakuuliza tena habari za Ruiru.

Nyuma ya shuka, kitandani, Nduku alilishika shati hilo na kulinusa. Kaleli alimwambia yote kwa midomo, karibu bila sauti, uso wake ukiwa shingoni mwa mkewe. Alipofika kwenye kupiga magoti alinyamaza, na Nduku hakumlazimisha aendelee.

*

King'ora cha Jumamosi kilipolia Nduku alivuta hewa kwa pua, kwa kusudi. Hakuna. Palikuwa na sabuni tu, na moshi wa jana. Alitaka kucheka kwa furaha, na papo hapo akaona haya kwa ajili ya paka.

Mukonyo alikuwa ameketi kama kawaida, blanketi limekunjwa, kitambaa kimefungwa.

"Harufu imekwisha, Mwaitu."

"Imekwisha," Mukonyo alikubali.

Kaleli alikwisha kwenda vyooni. Nduku alianza kupanga kwa ajili ya ukaguzi. Mkeka wa mama ukunjwe, uwekwe chini ya kitanda, na mama mwenyewe aende kwa Perez akasaidie kuchambua mboga, kama wageni wafanyavyo. Debe litupwe. Alilishika kwa mikono miwili kulitoa nje.

Lilikuwa zito.

Alilitazama. Majivu yaliyokuwa makavu na mepesi jana jioni yalikuwa yamelowa, yamekuwa meusi katikati, na juu yamefunikwa kwa uangalifu. Yalisawazishwa kwa kiganja. Alama za vidole zilionekana bado.

Nduku alisimama hapo, debe limeegemea tumbo lake. Hakugeuka. Kwanza alifikiri Koplo amerudi, na mawazo hayo yalidumu kitambo kidogo tu. Kisha akakumbuka kopo.

Kopo hilo walimpa mama siku ile ya kwanza alipohamia. Lilikuwa kopo kubwa la mafuta, safi, lenye kifuniko, kwa ajili ya haja ya usiku. Nduku aliliweka debe chini, akainua mto wa mama uliokuwa pembeni mwake ili aukunje pamoja na mkeka. Kopo lilikuwa hapo, nyuma ya mto. Alilitikisa. Lililia kwa mbegu za maharagwe.

Sasa alikumbuka usiku wa kwanza. Mlio wa kopo kwenye chumba kimya. Kaleli akiwa amejikaza kitandani, amekohoa kwa nguvu ili mama ajue kwamba mwanawe hasikii, na kwa kukohoa huko mama akajua kwamba anasikia. Kwao, mama mzazi hakupaswa hata kulala chini ya paa moja na mwanawe aliyeoa, seuze hilo. Asubuhi yake hakuna aliyesema kitu. Tangu hapo kopo halikusikika tena, na wao wawili walifikiri, wakifikiri hata kidogo, kwamba mama ana kibofu chenye nguvu.

Majivu hayalii. Na likisikika jambo dogo kwenye pembe, basi ni paka.

Kwa miezi mingi mama alikuwa amejizuia. Mvua zilipokatika, mwili wake ulikataa. Ndipo Koplo alipolinusa debe lake na kuondoka.

Nyuma yake Nduku alisikia pumzi ya mama mkwe wake ikiwa imeshikwa, haitoki. Alijua kwamba akigeuka sasa, na macho yakikutana, mwanamke huyo atafunga leso yake na kuondoka siku hiyo hiyo, kwa miguu, Bwana Afya asijisumbue. Kwa hiyo hakugeuka. Alilifunika debe kwa kikapu, akalitoa nje, akalimwaga nyuma ya vyoo na kulisugua kwa mchanga. Machozi yalimtoka, akawa anayafuta kwa bega. Perez alimwona.

"Nini? Unamlilia paka?"

"Ndiyo," Nduku alisema. "Namlilia."

"Basi lia upesi, Jeconia anakuja na mzungu wake."

Bwana Afya alipita. Aliingia hatua moja, akanusa, akatazama dari na chini ya kitanda, akaandika kitu. Jeconia alisimama nyuma yake, kofia mkononi, jasho likimtoka.

"Wawili?" mzungu aliuliza.

Jeconia alilitazama tumbo la Nduku kwa muda mrefu.

"Wawili, bwana," alisema. "Na mmoja anakuja."

Wakaenda chumba cha pili.

*

Jioni, jua lilipoanza kushuka na akina mama kuita watoto waingie ndani, Nduku alileta debe. Lilikuwa limesuguliwa likang'aa. Alilijaza majivu kutoka kwenye kikapu, akachekecha kwa mkono punje za makaa zilizobaki.

Kaleli alikuwa amekaa kwenye kiti, anakunywa chai. "Hilo la nini tena?" alisema. "Si nilikwambia..."

Nduku alimwangalia. Halikuwa jicho la hasira. Kaleli aliacha neno lake lilipofika, akamtazama mkewe, akalitazama debe, kisha, bila kutaka, akamtazama mama yake aliyekuwa ameinamisha kichwa juu ya mikono yake. Kikombe kilikaa karibu na mdomo wake muda mrefu, hakukinywa.

"Ni la Koplo," Nduku alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayepanga vyombo. "Paka hujua njia. Huenda akarudi usiku, asikute pa kwenda. Nitayabadilisha asubuhi na jioni, kama Mwaitu alivyosema."

Upande wa pili wa ubao Perez alikuwa akifunga komeo.

"Majivu yamepungua," Kaleli alisema mwishowe. "Jumatatu nitaleta kikapu kizima." Akainuka, akachukua blanketi lao la pili kutoka kitandani, akatafuta misumari. Alilitundika pembeni, kuanzia ukuta hadi nyuma ya mlango, likawa kama chumba kidogo cha mtu mmoja. Alipiga nyundo bila kugeuka.

Nduku akaliinua debe, akataka kuliweka pale lilipokaa siku zote.

"Nduku," Mukonyo aliita. Hakuwa ameinua uso.

"Naam, Mwaitu."

"Lisogeze huku kidogo, karibu na mkeka." Mkono wake mzee ulipapasa sakafu, ukaonyesha mahali. "Haoni vizuri gizani. Na miguu yake haina nguvu."

Nduku akalisogeza.